Kipimo cha Widal kiondoke zahanati, au kibaki?

"O 1:160, H 1:80." Karatasi yenye maandishi hayo, majibu ya kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal, kutoka Mwanza hadi Mombasa, inatosha kumpeleka mtu duka la dawa akanunue dozi ya sipro (siprofloksasini, antibayotiki). Mgonjwa haulizi namba hizo zina maana gani. Ameambiwa ana taifodi, basi ana taifodi.

Mabishano juu ya kipimo hiki ni ya miaka mingi. Wataalamu wa vijidudu wanataka kiondolewe kwenye zahanati na maabara za mitaani. Matabibu wanawajibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa jirani na mashine ya kuotesha damu, yaani kukuza bakteria waliomo ili waonekane. Shuka zahanati uone. Jibu hilo lina uzito, nami nitalirudia. Ila wanaotaka kipimo kiondoke wamesikika vibaya. Inadhaniwa wanataka kumpokonya tabibu macho, wakati wanachosema ni kwamba macho hayo yanaona vitu visivyokuwepo.

Widal haitafuti bakteria wa taifodi, *Salmonella* Typhi. Inatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kukutana na antijeni (sehemu za mwili wa bakteria) O na H za bakteria huyo au za ndugu zake. Neno "ndugu" hapo ni la kweli kabisa. Antijeni O namba 9 na 12 za Typhi zimo pia kwa Enteritidis, na ile ya 12 imo kwa Typhimurium, na hao wawili huleta magonjwa yao mengine. Malaria nayo huweza kuamsha kingamwili zinazoifanya Widal ionekane chanya. Aliyeugua taifodi mwaka jana akapona anaweza kubaki na H ya juu kwa muda mrefu. Kwa hiyo kipimo kinajibu swali la kama damu hii imewahi kukutana na kitu cha aina hii. Swali la mgonjwa ni kwa nini anatetemeka leo.

Fernand Widal alipokieleza kipimo hiki Paris mwaka 1896, hali ilikuwa nyingine. Wagonjwa walilala wodini kwa majuma, antibayotiki hazikuwepo, na daktari alikuwa na muda wa kusubiri kingamwili zipande. Kingamwili za O huanza kuonekana takriban siku ya 6 hadi ya 8 ya homa, na za H siku ya 10 hadi ya 12. Ndiyo maana utaratibu unaoeleweka ni kuchukua damu mara mbili, siku 10 hadi 14 kati yake, na kuangalia kama kiwango kimepanda mara nne. Sasa mpeleke mtu aliyeanza homa juzi, mpime mara moja, mpe dozi. Hata kama ana taifodi kweli, siku ya pili mwili bado haujaandika chochote. Kikionekana kitu siku hiyo, yaelekea kiliandikwa zamani.

Kuna pia kazi yenyewe ya maabara. Kwenye slaidi, seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) hupimwa mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, na kila sehemu huongezewa tone moja la antijeni. Sehemu hizo ndizo husimama kwa 1:20, 1:40, 1:80, 1:160 na 1:320: namba ya pili ikiwa kubwa, seramu imepunguzwa zaidi na bado inashikanisha antijeni. Slaidi huzungushwa kwa dakika moja, halafu husomwa papo hapo. Ukiiacha ikakaa huku unaandika jina la mgonjwa mwingine, kingo za tone hukauka na chembe hujikusanya. Mtu asiye mwangalifu ataandika chanya. Chupa ya antijeni inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, itolewe mapema ifikie joto la chumba, itikiswe vizuri. Umeme ukikatika usiku kucha, au chupa ikasahaulika mezani, antijeni inaweza kushikana yenyewe bila seramu ya mtu yeyote. Kosa hilo lingekamatwa na seramu za kudhibiti, ambazo jibu lake linajulikana, ile ya chanya na ile ya hasi, lakini hizo ndizo hurukwa kwanza foleni ikiwa ndefu. Mahali pengine hata mfululizo wa vipimo vitano haufanywi: tone moja la seramu, tone moja la antijeni, kikishikana inaandikwa 1:80 au 1:160 kwa kukadiria macho. Namba inayotoka hapo ina sura ya kisayansi tu.

Tuseme basi maabara ni safi na mtaalamu ni makini. Hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu zaidi. Utafiti wa watoto waliolazwa na homa katika hospitali ya Teule, Muheza, uliochapishwa mwaka 2010, ulitumia Widal ya mirija, inayofanywa ndani ya mirija ya maabara, iliyo bora kuliko ya slaidi, na kuilinganisha na damu iliyooteshwa. Kwa kiwango cha 1:80 kipimo kiliwakamata asilimia 75 ya wenye taifodi, na kuwaachia salama asilimia 98 ya wasio nayo. Asilimia 98 ni alama ya mwanafunzi bora darasani, na ndiyo inayowapoteza watu. Taifodi ilithibitishwa kwa takriban mtoto 1 kati ya 100. Chukua watoto 1,000: wenye taifodi ni 10, na Widal itawapata 7 au 8. Waliobaki ni 990, na asilimia 2 yao ni kama 20. Zitatoka karatasi 27 au 28 za chanya, na 20 kati yake ni za watoto wasio na taifodi. Katika utafiti wenyewe, asilimia 26 tu ya majibu chanya ndiyo yaliyokuwa ya kweli. Na hapo ni wodini, kwa watoto waliougua vya kutosha kulazwa, kwa njia ya mirija. Slaidi ya mtaani ikiwaachia salama asilimia 90 badala ya 98, waliosingiziwa wanakuwa 99 kwa wale wale 7 au 8.

Watetezi wa Widal hupenda kushika upande wa pili wa namba hizo: jibu hasi ni la kuaminika karibu mara zote. Ni kweli. Lakini kabla ya kupima, ukisema kwa kila mtoto "huyu hana taifodi", ungekosea mara 10 kati ya 1,000. Baada ya kupima na kupata hasi unakosea mara 2 au 3. Hiyo ni faida, si ya kubezwa, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na inadai mgonjwa awe amefikisha juma la pili la homa.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba taifodi ipo, inaua, na haingoji. Wilayani Kasese, Uganda, kati ya mwishoni mwa 2007 na katikati ya 2009 walihesabiwa wagonjwa 577. 249 walitobolewa utumbo na 47 wakafariki. Ufuatiliaji uliofanywa Kibera, Nairobi, ulikadiria wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, huku Lwak, kijijini magharibi mwa Kenya, wakiwa 29. Pemba nayo, bakteria wa taifodi ndiye aliyeongoza katika damu zilizooteshwa. Tabibu wa sehemu kama hizo akikuuliza afanye nini, usimwambie "otesha damu" ukaondoka. Kuotesha kunataka mashine, chupa, mtaalamu na siku kadhaa, na bado kunakosa karibu nusu ya wagonjwa, kwa kuwa mililita moja ya damu mara nyingi haina hata bakteria mmoja aliye hai. Mgonjwa aliyemeza antibayotiki za dukani kabla ya kufika hupunguza nafasi hiyo zaidi. Vipimo vipya vya haraka vya kingamwili havijaizidi Widal kwa kiasi cha kumaliza ugomvi. Hata hesabu yangu ya juu hubadilika: palipo na taifodi nyingi, jibu chanya lina uzito zaidi Kibera kuliko Lwak.

Nakubali yote hayo. Ila Kasese, kilichopiga kengele ni matumbo yaliyotoboka kwenye meza ya upasuaji, na kilichothibitisha ni bakteria waliooteshwa. Kuotesha kulionyesha pia kwamba wengi wao walikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfeniko na kotrimoksazoli. Widal haiwezi kukuambia hilo hata ikiwa sahihi.

Gharama inayosahaulika katika mabishano haya ni ya wale 20 waliosingiziwa. Dozi isiyo na kazi wataimeza, na usugu utaongezeka. Hilo limesemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba jibu chanya hufunga msako. Tabibu akishapata jina la ugonjwa haendelei kutafuta. Moshi, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008, 528 waliandikiwa malaria na 14 tu ndio waliokuwa nayo. Wagonjwa 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria kutoka kwa wanyama: leptospirosisi, homa ya Q, bruselosisi, homa za kupe. Mengi ya hayo hutaka doksisaiklini, na bruselosisi hutaka dawa mbili kwa majuma sita. Sipro ya siku saba haitoshi. Leptospirosisi ndiyo ile iliyozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, watu wakaijua kwa jina la homa ya mgunda. Kipimo cha malaria cha haraka kilipofika zahanati, kilimwambia tabibu wazi kwamba nyingi ya homa hizi si malaria. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na taifodi, kwa sababu kulikuwa na kipimo kinachoandika neno hilo.

Mbaya zaidi ni kifua kikuu. Sipro ina nguvu kiasi dhidi ya bakteria wa TB. Mtu mwenye homa ya jioni na kupungua uzito akipewa dozi ya "taifodi" anaweza kupata nafuu juma moja au mawili, makohozi yake yakaonekana safi, na ugonjwa ukarudi miezi baadaye akiwa ameshaambukiza nyumba nzima. Nafuu hiyo ndiyo humfanya aamini kwamba kipimo kilisema kweli.

Zahanati ikiiweka Widal kando, inabaki na nini? Inabaki na mambo yasiyo na mvuto wa karatasi ya majibu. Hesabu siku za homa. Pima malaria. Angalia koo na masikio, hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, chovya kijiti kwenye mkojo. Utafiti wa watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa 2014, ulikuta asilimia 62 ya homa za wagonjwa wa nje zikiwa za maambukizi ya njia ya hewa, malaria asilimia 10.5 na taifodi asilimia 3.7. Homa ikipita siku saba, malaria hakuna, tumbo linauma na hakuna chanzo kingine, mtibu kama mwenye taifodi kwa dawa iliyo kwenye mwongozo wa matibabu, bila Widal. Ingekuwa hasi ungemtibu vilevile. Palipo na hospitali ya mkoa inayootesha, chukua damu kabla ya dozi ya kwanza: mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, 2 hadi 4 kwa mtoto, ngozi na kizibo vikiwa vimesafishwa kwa spiriti. Chupa isiwekwe kwenye friji. Damu kidogo na baridi ndivyo huleta lile jibu la "hakuna kilichoota" linalowakatisha watu tamaa.

Kinachobaki kigumu ni mgonjwa mwenyewe. Amelipa nauli, amekaa foleni, halafu aambiwe hamna kitu? Na Widal huiingizia maabara ndogo pesa. Kulificha hilo ni kujidanganya.

Jambo la kuangalia sasa ni chanjo. Julai 2025 Kenya ilianza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi, kwa aina ya chanjo ambayo jaribio la Blantyre, Malawi, liliipa ufanisi wa takriban asilimia 80. Rudi kwa watoto wetu 1,000. Taifodi ikishuka kwa asilimia 80, wagonjwa 10 wanabaki 2, na Widal itampata mmoja au wote wawili. Waliosingiziwa watabaki 20, maana hao hawakuwa na taifodi tangu mwanzo. Rejista iliyokuwa na majibu chanya 27 au 28 itaonyesha 21 au 22. Ugonjwa umepungua mara tano, karatasi zimepungua kwa takriban moja ya tano tu. Mama aliyempeleka mwanawe kuchanjwa atarudi naye akiwa na homa ya mafua, atapewa karatasi ya 1:160, naye atawaambia jirani zake kwamba chanjo ile haikufanya kazi.