Nani Atakikunja Kitanda Kila Asubuhi?

Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu. Weka kitanda cha mita 1.4 kwa 1.9, na karibu theluthi moja ya sakafu imekwenda kabla hujafikiria kabati, meza wala nafasi ya mlango kufunguka. Ndipo zinapoingia fanicha za mtindo wa uchache: vitanda vinavyopanda ukutani, meza za kukunja, stuli zinazopangwa moja juu ya nyingine, vyote vyembamba na visivyo na nakshi. Wanaozipenda wanasema zinarudisha nafasi. Wanaozipinga wanasema watu wanauziwa utupu kwa bei ya juu. Mimi naona pande zote mbili zinaliruka swali moja: nafasi hiyo inarudishwa kwa jasho la nani?

Fanicha ya namna hii si jambo la jana. Mwaka 1885 Sarah Goode, mwanamke aliyekuwa na duka la fanicha Chicago, alipata hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya kitanda kinachokunjwa kikawa dawati, chenye hata vijisanduku vya karatasi na kalamu. Kabla yake, mwaka 1859, fundi fanicha Michael Thonet alitoa kiti Namba 14: vipande 6 vya mbao, skrubu 10, nati 2. Viti 36 vilivyotenganishwa vipande vilienea katika kasha la mita moja ya ujazo. Angalia kilichopunguzwa pale. Ni vipande na uzito, wala si uimara. Huo ndio uchache ninaoutetea.

Uchache wa picha za matangazo ni mwingine kabisa. Pichani kuna sofa moja, taa moja na ua moja. Hakuna ndoo, pasi, sanduku la nguo za baridi wala chaja. Mwenye kipato cha wasiwasi hatupi sufuria ya pili kwa kuwa hajaitumia mwezi mzima, maana ya kwanza ikitoboka hana uhakika wa kununua nyingine. Kwake akiba ya vitu ni bima. Kumwambia apunguze vitu ili fanicha ipendeze ni kumtaka abebe hatari mpya kwa ajili ya macho ya wageni. Mbunifu anayejali ataanza na mvungu wa kitanda: auinue hadi sentimita 35 hivi, atie droo au masanduku ya magurudumu, na kitanda kisichokunjwa kitageuka ghala kubwa.

Niliwahi kulala kwenye sofa kitanda miaka mitatu. Wiki za mwanzo niliikunja kila asubuhi: natandua shuka, natafuta pa kuweka mito, nasogeza meza, navuta fremu. Jioni narudia kinyumenyume. Kufikia mwezi wa nne ilibaki imefunguliwa siku zote, na chuma cha katikati kikinichoma mgongoni. Nilikuwa nimenunua sofa ambayo haikaliki na kitanda ambacho hakilaliki.

Kwa haki, kitanda cha ukutani kimeutatua ugumu mwingi wa sofa kitanda. Matandiko hufungwa kwa mikanda yakapanda pamoja na godoro, na pistoni za gesi hubeba sehemu kubwa ya uzito. Anayefanyia kazi chumbani anakolala, anayehitaji sakafu ile mchana kila siku, ana sababu ya kukinunua. Lakini lazima kifungwe kwenye ukuta imara, na mpangaji hana mamlaka juu ya ukuta. Akihama, anaacha matundu na pengine amana yake. Bawaba zake nazo zikiwa zimeshikwa na chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kila kukunja kunazilegeza skrubu, na tundu lililopanuka kwenye chipbodi ni shida kulirekebisha. Fanicha inayosogea ndiyo inayohitaji mbao nzuri au plaiwudi kuliko nyingine, na ajabu ni kwamba mara nyingi ndiyo inayopunjwa.

Kujenga fanicha ndani ya kuta kuna hatari nyingine, na jengo la Nakagin la msanifu majengo Kisho Kurokawa, lililokamilika Tokyo mwaka 1972, lilituonyesha. Lilikuwa na vijumba 140 vya takriban mita 10 za mraba, kila kimoja na kitanda, dawati na makabati yaliyoshikamana na kuta. Vilikusudiwa kubadilishwa baada ya miaka kama 25. Havikubadilishwa, na mwaka 2022 jengo likabomolewa. Ustadi wake naustahi sana, ila maisha ya mtu hayakai umbo moja: mtoto anazaliwa, mzazi anahamia, mguu unavunjika. Kitanda kilichogandishwa ukutani hakimpishi yeyote.

Kwa hiyo kwenye chumba kidogo ningeruhusu kitu kimoja tu kinachokunjwa, kile kinachotumika kwa nadra, kama meza ya ziada au godoro la mgeni. Na kabla ya kununua, bandika utepe sakafuni kwa vipimo vya kitu kikiwa kimefunguliwa, droo zikiwa nje, kisha uzunguke hapo siku mbili. Mimi baada ya sofa ile nilirudi kwenye kitanda cha kawaida chenye mvungu mrefu na stuli ya mbao. Muda huu stuli imebeba taa na vitabu vitatu. Mgeni akibisha hodi, vitabu vinashuka, taa inahamia dirishani, naye anakaa.