Shufwa leo, witiri kesho

Kila mtaa wa Minneapolis, jimboni Minnesota huku Marekani, una gari moja la namna hii. Theluji imeanguka usiku kucha, jiji limetangaza dharura, majirani wote wameshahamisha magari yao, lakini hilo moja limebaki palepale, upande uliokatazwa, limefunikwa hata rangi yake haijulikani. Greda linafika, linalikwepa, linaendelea na safari. Theluji iliyoachwa kulizunguka inakanyagwa, inayeyuka kidogo mchana, inaganda tena usiku, na baada ya siku mbili imekuwa jabali la barafu ambalo halitoki hapo mpaka mwezi wa tatu. Barabara nzima inakuwa nyembamba kwa sababu ya mtu mmoja.

Nikiliona gari hilo hasira zinanipanda, na hasira hizo ndizo zimeniandikisha haya. Maana kwa mtu aliyekulia Dar ni hasira ngeni kabisa: kukasirika kwa kuwa mtu mmoja kakiuka ratiba. Kwetu utaanza kumkasirikia nani? Na ratiba ipi?

Ratiba yenyewe ni hii. Theluji ikizidi, jiji linatangaza dharura kabla ya saa 12 jioni. Usiku huo, kuanzia saa 3 mpaka saa 2 asubuhi, hakuna kupaki upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa vibao vya dharura. Siku ya pili, saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, kwenye mitaa ya kawaida hakuna kupaki upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa witiri. Ndiyo, shufwa na witiri zilezile za shule ya msingi. Greda likishapita na kukwangua mpaka ukingoni, ruksa kurudisha gari hata kama saa hazijaisha. Ukikaidi unaandikiwa faini, gari linavutwa, na kila siku linayolala kwenye yadi ya jiji deni linaongezeka. Mwaka ukiwa mbaya, barabara zikabanwa na barafu pande zote, upande wa shufwa unafungwa moja kwa moja mpaka tarehe 1 Aprili. Matangazo yanatoka pia kwa Kisomali, Kihispania na Kihmong, kwa hiyo kisingizio cha lugha nacho kimepungua.

Njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba ni kazi ya mwenye nyumba. Nyumba ya familia moja au mbili ina saa 24 tangu theluji ikome. Jengo la wapangaji wengi na duka vina saa 4 za mchana. Usipofanya, baada ya onyo jiji linaleta watu wake, wanasafisha, na bili inakuja kwako.

Sasa nieleweni vizuri, kwa sababu najua maoni yatakavyoanza: "Huyu naye, kala baridi kidogo kashakuwa Mzungu." Sisemi watu wa huku wana akili kutuzidi. Nasema kitu kimoja tu, kwamba kazi imekatwa vipande na kila kipande kina mwenyewe na saa yake. Hakuna sayansi hapo. Mtoto anayejua kuhesabu mpaka kumi anaweza kuufuata utaratibu huo.

Na wala msidhani theluji ni ya kupigia picha. Ni kazi ya mkono. Inasombwa mapema, ikiwa bado laini kama unga, kila inapofika sentimita tano hivi, usingoje ifike magotini. Ukingoja, jua na nyayo zinaishindilia, na beleshi halitaingia tena. Wageni wengi humwaga maji ya moto wakidhani wamevumbua njia ya mkato. Baada ya dakika chache wana kioo cha barafu mlangoni na mguu ulioteguka. Wenye njia ya gari inayotokea barabarani wana adhabu yao ya ziada: ukimaliza kusafisha, greda linapita na kukuachia tuta zito la vipande vya barafu hapohapo mdomoni. Dawa yake ni kusimama ukitazama barabara na kurundika theluji yote upande wa kulia, kisha kusafisha kipande cha ukingo upande wa kushoto kabla ya njia yako. Greda huja kutoka kushoto, kwa hiyo linaangusha sehemu kubwa ya mzigo wake kwenye hilo pengo kabla halijafika kwako. Kumlaani dereva hakusaidii.

Chumvi nayo watu wanaimwaga kama wanaotia mbolea shamba la mahindi. Kwanza kwangua, ndipo uweke chumvi, kwa sababu kazi yake ni kuachanisha barafu na sakafu, haiwezi kuyeyusha rundo zima. Kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kinatosha mita sita za njia ya gari, chembe zikiachana kwa upana wa vidole vinne hivi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakuwa haifanyi kitu cha maana. Hapo tumia mchanga, angalau mguu upate pa kushika. Chumvi unayozidisha haipotei. Inaingia kwenye mifereji mpaka maziwani, na kijiko kimoja cha chai kinatosha kuharibu lita 19 za maji, wala hakuna njia rahisi ya kuitoa tena.

Gari ndilo linalowatesa wengi asubuhi. Kwenye nyuzi sifuri betri imeshapoteza kama theluthi moja ya nguvu zake. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri imepoteza zaidi ya nusu, wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu nyingi zaidi kuzunguka. Betri iliyokuwa ikibabaisha mwezi wa kumi inakufa mwezi wa kwanza, tena siku ya baridi kuliko zote. Upepo wa tairi unapungua paundi moja kwa kila nyuzi tano au sita zinazoshuka, ndiyo maana taa ya tairi huwaka hata kama hakuna pancha. Kabla ya kuwasha gari lililozikwa, fukua kwanza ekzosi. Ekzosi iliyozibwa na theluji inarudisha moshi ndani, na ndani ya moshi huo mna gesi inayoua bila harufu ya kukushtua. Ukikwama usikanyage mafuta kwa hasira: tairi likizunguka pale pale linayeyusha theluji, linajichimbia, kisha maji yale yanaganda. Nyoosha usukani, fukua mbele na nyuma ya tairi zinazovuta, mwaga mchanga, halafu gari liende mbele na nyuma taratibu mpaka lipate mwendo. Na tanki lisishuke chini ya nusu, kwa sababu foleni ya theluji ikikushika, hita ndiyo uhai wako.

Haya, turudi kwenye ugomvi wetu. Najua jibu la pili: "Wenzetu wana hela." Wanazo, sikatai. Magreda ni hela, chumvi ni hela, madereva wa usiku ni hela. Lakini Atlanta nayo ni Marekani hiihii na haina njaa. Tarehe 28 Januari 2014 ilidondokewa na theluji isiyofika inchi tatu, kiasi ambacho Minneapolis watoto wanakwenda nacho shule. Ilipoanza kunyesha mchana, ofisi, makampuni na shule zikaruhusu watu karibu kwa wakati mmoja. Barabara kuu zikajaa, magari yakaganda, na malori ya chumvi yaliyokuja kuokoa yakakwama kwenye foleni ileile. Watu walilala ndani ya magari na madukani, na maelfu ya watoto wakalala mashuleni, wengine kwenye mabasi. Msomaji wa Dar sina haja ya kumweleza zaidi. Anaijua saa 10 jioni ya siku ya mvua, anajua mabasi ya mwendokasi yanavyosimama Jangwani maji yakijaa na kila mtu anavyotoka kazini pamoja na mwenzake. Hela zilikuwepo Atlanta. Kilichokosekana ni mtu wa kusema nani atoke saa ngapi.

Wala sisemi Minnesota hakusimami kitu. Mwaka 1991, kuanzia tarehe 31 Oktoba, Minneapolis zilishuka sentimita 72 za theluji kwa mkupuo mmoja. Desemba 2010 paa la uwanja wa Metrodome lilichanika kwa uzito wa theluji. Januari 2019 baridi ilifika karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo ilihisiwa chini ya nyuzi 45 chini ya sifuri, ngozi ikiachwa wazi inaungua kwa baridi ndani ya dakika chache. Tarehe 30 mwezi huo hata posta ilisitisha kupeleka barua. Shule zinafungwa, siku hizi watoto wanaambiwa wasome kwa intaneti, na mzazi anayelipwa kwa saa anabaki anajiuliza atamwachia nani mtoto.

Hapo nina neno na wanaotusifia huko nyumbani kwamba "theluji ikianguka mnapumzika." Anayepumzika ni mwenye kompyuta. Wengi wetu tuko kwenye nyumba za wazee na mahospitali, na mzee hageuzwi kitandani kwa intaneti. Anayekuja kukupokea zamu akikwama, wewe huondoki. Saa 8 zinakuwa 16, halafu ndipo unakwenda kufukua gari lililokuwa likifunikwa muda wote huo. Ukishatoka, mabasi nayo yamechelewa. Kwa hiyo mtu asinisome kama ninayejivunia raha. Sina raha ya kujivunia kuanzia Novemba mpaka Aprili.

Kwa wanaosafiri Desemba kuja nyumbani, niseme haraka: kateni tiketi moja mpaka Dar, msiunganishe tiketi mbili mlizonunua mbalimbali kwa kuokoa dola kidogo. Ndege yenye barafu bawani hairuki, kwa sababu hata tabaka jembamba linaharibu hewa inayoinyanyua. Inapelekwa kupuliziwa dawa ya moto yenye rangi ya chungwa ya kuondoa barafu, kisha ile nzito ya kijani ya kuzuia isirudi. Ya kijani ina muda wake. Foleni ya kuruka ikizidi muda huo, mnarudi kupuliziwa upya huku saa za kuunganisha Amsterdam zikiisha. Tiketi ikiwa moja, shirika linakutafutia ndege nyingine. Zikiwa mbili, ya pili imekufa na hakuna wa kumlilia. Ukikwama huku Marekani hoteli usiitegemee, hali ya hewa haihesabiwi kosa la shirika. Safari ikifutwa kabisa nawe ukaamua kutokwenda, dai hela yako, hiyo ni haki yako kisheria.

Sasa nyumbani. Tuna kitu ambacho huku hawana, na hiki nakisema kwa kujidai: mvua ikituzingira, mtu usiyemjua atakusukumia gari bila kukuuliza jina, mama ntilie atakuhifadhi kibandani, na vijana watakuonyesha shimo liko wapi chini ya maji. Huku nako watu husukumiana magari, lakini si kwa wingi ule na si kwa utani ule. Kinachoniudhi ni kwamba tumeufanya moyo huo ndio mpango wa jiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa masika kabla mwezi Machi haujafika. Vuli nayo vivyo hivyo. Theluji ya huku inatabiriwa siku chache tu kabla, na bado greda linajua lipite wapi saa ngapi. Sisi tunapewa wiki kadhaa, na mitaro inazibuliwa maji yakishaingia sebuleni.

"Mbona tuna Jumamosi ya usafi?" Tunayo, na maduka yanafungwa asubuhi kwa ajili yake. Lakini tunaambiwa wote tusafishe kote. Hakuna anayeambiwa mita zake zinaanzia wapi na kuishia wapi, wala saa ngapi mjumbe atapita kuzikagua. Anayefagia mbele ya duka lake anasukumia uchafu mtaroni na kurudi ndani akiwa raia mwema.

"Hatuna namba za nyumba." Hiyo ilikuwa kweli zamani. Mwaka 2022, kabla ya sensa, tumebandikiwa anwani za makazi, namba ziko milangoni na majina ya mitaa yako kwenye nguzo. Kwa sasa kazi yao kubwa ni kumwelekeza bodaboda alete chipsi. Zingeweza kusema pia kwamba Jumamosi ya kwanza ya Februari upande wa shufwa unazibua mtaro wake kuanzia saa 1 mpaka saa 4 asubuhi, na Jumamosi inayofuata upande wa witiri. Faini iwe ya jina na namba, si ya "wakazi wa mtaa". Na gari la kuzoa tope lipangwe kupita siku hiyohiyo kabla ya jioni, kwa sababu tope likiachwa pembeni ya mtaro, mvua ya kwanza inalirudisha ndani.