Methodi za kurithi: zihesabiwe, au zikokotolewe?

Zana inayoandika metadata, yaani maelezo ya klasi za programu, izihesabu pia methodi (kazi ambazo klasi huitwa izifanye) zilizorithiwa kutoka klasi za juu, au ziachwe zikokotolewe wakati wa kusoma? Andika klasi ya Java isiyo na kitu ndani, kisha uiulize kwa getMethods() ina methodi ngapi za wazi: itakujibu 9. Zote ni za Object, klasi mama ya klasi zote za Java, zikiwamo equals, toString na wait za namna tatu. Zana ya kutengeneza metadata inayoliamini jibu hilo, ikajumlisha klasi 200 tupu za aina hiyo, itatangaza methodi 1,800 ambazo hakuna aliyeziandika katika mradi.

Tiba inayokimbiliwa ni getDeclaredMethods(), inayorudisha zile tu zilizotangazwa ndani ya klasi yenyewe, hata za siri. Jumla inanyooka, lakini anayesoma metadata ya klasi iliyorithi ArrayList, klasi ya orodha katika maktaba ya Java, hataiona stream(), ambayo pengine ndiyo anayoiita kila siku. Lalamiko lake ni la haki, kwa kuwa kwake klasi ni kile inachoweza kufanya, haidhuru nani alikiandika. Wala kupanda ukoo kwa getSuperclass() hakumfai: tangu Java 8, ya mwaka 2014, stream() imekaa na mwili wake katika kiolesura (interface) cha Collection, ambacho ArrayList inakitekeleza, na mwenye kukagua klasi mama peke yake ataipita.

Pamoja na hayo, naegemea upande wa kuhifadhi zilizotangazwa pekee, za kurithi zikokotolewe wakati wa kusoma. Java 21 ilipotoka mwaka 2023, List, kiolesura cha orodha, iliongezewa reversed(), na klasi zilizokuwa zikiitekeleza zikajikuta na methodi mpya bila kuguswa herufi moja. Idadi iliyokwisha kuandikwa kwenye metadata ikawa si kweli tena. Hata hivyo, njia hii ya kukokotoa inamdai msomaji awe na maktaba zote za juu, na asipokuwa nazo hakuna cha kukokotoa. Hapo ni afadhali zana iandike idadi zote mbili, kila moja kwa jina lake, pamoja na toleo la maktaba lililotumika.

Hata zilizotangazwa, kwa kweli, zina mtego. Klasi Mkulima ikitekeleza Comparable, kiolesura cha kulinganisha vitu, ili ilinganishwe na Mkulima mwenzake, mwandishi huandika compareTo moja, ila getDeclaredMethods() hurudisha mbili, kwa sababu kompaila huongeza kimyakimya compareTo(Object) iwe daraja (bridge) la kuifikia ile iliyoandikwa. Asiyeichuja kwa isBridge() atakuwa ameondoa methodi 9 za Object na kuacha moja ambayo nayo haimo katika msimbo wa mtu yeyote.