Ndimu ikifika juu kabisa

Kwenye tuisheni ninayosomesha jioni huku Ng'ambo, mjini Unguja, mada ya mwendo huwa naianza kwa ndimu. Naitupa juu, naidaka, halafu nauliza: pale ilipofika juu kabisa, kabla haijaanza kurudi, kasi yake ilikuwa ngapi? Sifuri, wanajibu, na ni kweli. Na mchapuko wake, ile "acceleration" ya vitabuni, je? Sifuri! Safari hii wanajibu kwa sauti kubwa zaidi, na wamekosa wote.

Si watoto wajinga hawa. Wako kidato cha tatu, na fomula za mwendo wamezihifadhi kama wanavyohifadhi sura za Kurani chuoni. Wape u, a na t (kasi ya kuanzia, mchapuko na muda), watakutolea v, kasi ya mwisho, hujakaa sawa. Lakini mchapuko wenyewe wameusoma skuli kwa sentensi moja ya Kiingereza, wakainakili ubaoni, basi. Mwambie mmoja akuelezee kwa Kiswahili cha kwao, atababaika kidogo kisha atasema, "Ni spidi kubwa, ticha."

Mimi naona mada hii ingeanzia ndani ya daladala. Zile zetu za mabenchi ya ubavuni, mnakaa mnatazamana, magoti kwa magoti. Gari ikishika mwendo wake kwenye njia ya Bububu, tuseme kilomita 54 kwa saa, ukifumba macho hujui kama unakwenda mbele au nyuma, ila kwa mashimo ya barabara. Dereva akikanyaga breki, benchi zima linateleza kuelekea kwake. Bibi mwenye pakacha la maembe anakulalia, wewe unamlalia jirani yako, na maskini aliyekaa mwisho kule mbele anabeba uzito wa watu wote. Gari ikiondoka mnarudi nyuma, naye anapumua.

Basi ni hilo tu. Mwili hauna habari na kasi ikiwa haibadiliki. Hivi sasa hapa Unguja tunazungushwa na dunia kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na chai haimwagiki. Kinachokusukuma ubavu ni kasi kubadilika, na huko kubadilika ndiko mchapuko. Mtoto wa hapa anaujua kwa mbavu zake tangu anapakatwa, halafu tunakuja kumfundisha kana kwamba ni kitu cha ng'ambo ya bahari.

Hesabu ije baadaye. Kilomita 54 kwa saa ni mita 15 kwa sekunde. Gari ikisimama ndani ya sekunde 3, kila sekunde imepunguza mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kama nusu ya ile 9.8 ya mvutano wa dunia. Mpaka isimame imeshakula mita 22.5. Sasa mfanye dereva azidishe mwendo mara mbili, breki ni zile zile: hatasimama kwa mita 45, atasimama kwa mita 90. Hii ningeipaka rangi mbele ya usukani wa kila gari, pale wanapobandika stika za timu zao za mpira.

Neno lenyewe tunalo, na ni zuri. Nani hajaambiwa na mama yake, "Chapua miguu, magharibi inaingia"? Ila linatega. Kwetu kuchapua ni kuongeza mwendo tu, na mwanafizikia anaita mchapuko hata ule wa kufunga breki, anauwekea alama ya kutoa. Anaita mchapuko hata kupiga kona. Mshale wa spidi unaweza kutulia kwenye 30 gari ikizunguka mnara wa Michenzani, lakini waliokaa benchi la kushoto wanabanwa kwenye madirisha, na wa kulia wanawaangukia magotini. Kasi ni ile ile, uelekeo ndio unaobadilika kila nukta, na kwa hiyo velositi, yaani kasi pamoja na uelekeo wake, imebadilika. Hapa huwa natumia kipindi kizima, sioni haya.

Mengine napita mbio. Tofauti ya umbali na kuhama haihitaji zaidi ya nauli: umetoka Darajani ukaenda Bububu, ukarudi Darajani. Umemaliza kilomita zote zile, na hukuhama hata hatua. (Njia hiyo zamani ilikuwa na reli, maili 7 kutoka Ngome Kongwe. Hili haliji kwenye mtihani, lakini ndilo wanalolikumbuka.) Na anayekwenda Pemba kwa boti siku bahari imetulia ajimiminie kahawa. Itaingia kikombeni, haitaachwa nyuma na boti. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1632, yeye akitumia matone ya maji ndani ya chumba cha chini cha merikebu.

Tukishatoka kwenye daladala ndipo naichukua tena ndimu. Natupa, nadaka. Inapopanda, kila sekunde inapoteza mita 9.8 kwa sekunde. Inaposhuka inazidishiwa hizo hizo. Je, pale juu kabisa dunia imeiachia? Mwaka huu kimya kilikuwa kirefu, mpaka binti mmoja wa benchi la nyuma, ambaye hata mkono hanyooshi, akasema kama anajisemea mwenyewe: "Ingekuwa imeiachia si ingebaki pale pale hewani?"

Nikampa ndimu yake. Wiki iliyofuata niliwapa zoezi la kuandika, swali lile lile, nikabadilisha tu ndimu nikaweka mpira. Nusu ya darasa wakaandika sifuri.