Foleni ya watoto isiuzwe

Nilitaka nisubiri siku mbili tatu hasira ipoe ndo niandike, lakini naona haipoi, kila nikikaa linanirudia swali la mwanangu, basi acha niseme tu.

Tulikuwa safarini nchi ya watu, mimi, baba yao na watoto wawili, mkubwa ana miaka 6 na mdogo 4. Kwenye safari nzima siku moja tuliwatengea wao, siku ya kwenda kwenye bustani kubwa ya michezo, yenye kasri na treni na bembea za kila aina, na walikuwa wanahesabu usiku uliobaki kwa vidole. Jina la bustani naliacha, maana utaratibu huu uko kwenye bustani kubwa nyingi duniani na ninachogombana nacho ni utaratibu wenyewe.

Sasa. Tumesimama foleni ya bembea ya ndege, zile ndege ndogo zinazozunguka mlingoti na mtoto ana kirungu chake cha kupandisha na kushusha. Mchezo wa watoto wadogo kabisa. Ubao unasema dakika 45. Na pembeni yetu, tumetenganishwa na mnyororo tu, kuna njia ya pili, nyeupe, haina mtu. Kila baada ya muda kidogo familia moja inakuja kwa mwendo wa taratibu, baba anaonyesha simu, dada wa pale mlangoni anaipiga skana, inalia piii, wanapita. Sisi tunasogea hatua mbili. Inakuja nyingine, piii, inapita. Mkubwa wangu anapenda sana kuhesabu vitu, akaanza kuhesabu vichwa. Alipofika 31 akanivuta mkono, "Mama, wale wana haraka ya kwenda wapi?"

Nikamwambia hawana haraka, wamelipa. "Na sisi si tumelipa?" Tumelipa mwanangu, ila wao wameongeza. Akanyamaza kidogo, akawaangalia wengine wanne wanapita, akasema, "Kwa hiyo wamenunua zamu yetu."

Jamani. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu amesema kweli.

Ndicho kinachouzwa pale, zamu. Kwenye simu wanakuandikia ni njia ya haraka, lakini bembea haizunguki haraka zaidi kwa sababu mtu kalipa, viti ni vilevile na dakika ni zilezile. Tuseme bembea inabeba watu 600 kwa saa, na mbele yako kuna watu 300. Foleni ikiwa moja unasubiri nusu saa, umepanda. Sasa chukua viti 400 kati ya hivyo 600 uwape wa kulipia, ninyi wengine mmebaki na viti 200, wale wale watu 300 walioko mbele yako wamekuwa saa nzima na nusu. Ile saa moja iliyoongezeka imetolewa kwenye miguu ya mtoto wako ikauzwa kwa mtu mwingine, na hakuna aliyekuuliza. Halafu fikiria, foleni ikiwa fupi nani atanunua njia ya pembeni? Hakuna. Maana yake foleni ndefu imekuwa bidhaa, na mwenye bustani amepata sababu ya kutoihangaikia. Hapo ndo panaponiuma kabisa, kwa sababu zamani foleni ikiwa ndefu ilikuwa ni shida yake na yako pia, mlikuwa upande mmoja.

Na watu wazima tutavumilia, tuna simu, tuna stori, tunaegemea chuma. Mtoto wa miaka 4 hana pa kuegemea. Ukiwa safarini ndo mbaya zaidi, mwili wake bado uko kwenye saa za nyumbani, huku ni asubuhi lakini kichwani kwake ni usiku wa manane, matangazo yanapigwa kwa lugha asiyoijua, amezungukwa na mapaja ya watu tu, haoni bembea wala mwisho wa foleni. Wangu alikuwa kama dakika ya 50, ubao wa dakika 45 tumeshausahau, akaanza kukunja miguu. Kila mzazi anaujua ule mkunjo. "Mama, mkojo." Nikamwambia ngoja kidogo mama, tumekaribia, na kweli tulikuwa tumekaribia, nilikuwa naona ndege zinashuka. Hakuweza. Nikambeba nikageuka kurudi nyuma kupenya foleni yote ile, samahani, samahani, kwa lugha yangu maana yao siijui, mizunguko ile ya minyororo, watu wanabana mikoba wapishe, na yeye analia kimya kimya ameficha uso shingoni kwangu kwa sababu alikuwa amechelewa, nguo imeshalowa. Miaka 4, ameacha nepi zamani sana, na anaona aibu mbele za watu. Nilipokuwa nambadilisha chooni aliniambia, "Nilijaribu." Nilijua kama alijaribu. Dakika 45 angeweza. Zile nyingine hazikuwa zake.

Kurudi hatukurudi kwenye ile foleni. Kaka yake alikuwa bado na baba yao, wakapanda wawili.

Kuna watu wataniambia biashara ni biashara, na pesa ilikuwepo tangu mwanzo. Ilikuwepo ndiyo. Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955 ulikuwa unalipa mlangoni, na kwa miaka mingi bembea zenyewe zilikuwa za kuponi, vijitabu vyenye kuponi za herufi mpaka E, na E ndo ilikuwa ya michezo mikubwa, utaratibu huo uliondoka 1982. Mwenye kuponi nyingi alipanda mara nyingi, mwenye chache mara chache. Lakini alichonunua ni kupanda. Akifika kwenye foleni alisimama nyuma ya aliyemkuta, basi. Hata walipoleta Fastpass mwaka 1999 ilikuwa bure, unaingiza tiketi yako kwenye mashine, inakupa muda wa kurudi, unaenda kuzunguka na watoto, unarudi. Ilikuwa na kero zake, baba mmoja wa familia alikuwa anageuka mkimbiaji wa kutoka mashine hadi mashine, lakini kila mwenye tiketi alikuwa nayo, tajiri na asiye tajiri. Kule Disneyland ya Paris 2021 waliiondoa, mahali pake ikaja Premier Access, unalipia bembea moja moja. Disney ya Florida mwaka huohuo nao wakaacha ya bure. Disney ya Tokyo wakaleta ya kulipia 2022. Ndani ya muda mfupi kitu cha bure kimekuwa cha kununua, na mtoto aliyezaliwa juzi atadhani dunia ilikuwa hivi siku zote.

Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi wa Disneyland, alikuwa akisimulia kwamba wazo la bustani lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi Griffith Park, Los Angeles, anawaangalia mabinti zake wakizunguka kwenye bembea ya farasi, akawaza mbona hakuna mahali ambapo wazazi na watoto wanaweza kufurahi pamoja. Mimi hiyo picha naipenda kwa dhati. Ndo maana nakasirika.

Na njia nyingine zipo, wasituambie hakuna. Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, wana bembea ya tembo warukao, Dumbo, tembo 16, foleni yake ilikuwa maarufu kwa kuliza watoto miaka na miaka. Mwaka 2012 walifanya mambo mawili. Wakaongeza mzunguko wa pili, tembo wakawa 32, yaani waliongeza viti badala ya kuuza vilivyopo. Halafu foleni wakaipitisha kwenye hema la kuchezea, ukawa unapewa kifaa cha kukuita, watoto wanapanda na kuteleza humo ndani, kikilia zamu yenu imefika. Soma tena hapo. Mtoto anasubiri huku anacheza, na mzazi amekaa, amekaa jamani! Nilipoisoma habari hiyo niliwaza mtu aliyebuni lile hema lazima alishawahi kubeba mtoto anayelia kwenye foleni.

Kuna na ule utaratibu wa wazazi kupokezana, Disneyland Paris wanauita Baby Switch, mmoja anapanda na mwingine anabaki na mdogo, halafu wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Hauna gharama ya ziada, ulizeni mlangoni, sehemu nyingi upo hata kama haujaandikwa.

Kuhusu kijiti cha kupimia urefu sina ugomvi, kile ni usalama, treni ya kasi ya Big Thunder Mountain kule Disneyland Paris inataka sentimita 102 na isipofika haijafika, mtoto atalia, utamfuta machozi, mwakani atarudi. Mpimeni tu nyumbani kabla ya safari, na viatu atakavyovaa. Na wale wanaosema usimpeleke mtoto wa miaka mitatu minne kwa sababu hatakumbuka, sijui niwajibu nini, chakula cha leo pia hatakikumbuka na tunampa.

Sasa nifike pagumu. Nawaelewa wanaonunua. Mmesafiri mbali, mna siku moja tu, hamjui kama mtarudi tena maishani, watoto wamechoka, simu iko mkononi na kitufe kiko pale. Nakubali, ingawa sipendi kukubali. Na wenye ulemavu na watoto ambao hawawezi kabisa kusimama foleni, hao njia ya pembeni ni haki yao, wala sizungumzii hao na naomba mtu asinichanganye.

Nawaelewa kwa sababu sisi pia tulinunua. Mchana, baada ya yale ya chooni, baba yao alinitazama hakusema kitu, akatoa simu akanunua, mara moja, ya treni ndogo inayopita mapangoni, mdogo alikuwa anaililia tangu asubuhi. Sikumkataza. Mbele ya ile treni, kabla hajanunua, tulishasimama kwenye foleni ya kawaida kama dakika ishirini, na mkubwa wangu alishapata rafiki, kijana wa rika lake mwenye kofia ya kijani, hawaelewani hata neno, walikuwa wanacheza kuruka mistari ya sakafuni, huyu anaruka miwili, yule anaruka mitatu, wanacheka. Tukatoka kwenye foleni, tukazunguka, tukaingia njia ile nyeupe. Piii.

Nilidhani atafurahi. Alitembea ameangalia pembeni njia nzima. Tulipofika usawa wa yule mwenzake, yuko palepale tulipomwacha, labda hatua tatu mbele, mwanangu akasimama akampungia mkono. Yule mtoto akapunga pia, halafu akaangalia mnyororo, akamwangalia mama yake, akamuuliza kitu. Lugha siijui lakini swali nililijua. Mama yake akaniangalia na mimi nikatazama chini, nikamshika mwanangu mkono tukapita.

Treni ilikuwa nzuri, mdogo alipiga kelele za furaha mapango yote, na ile furaha sitaki kuisema vibaya kwa sababu alistahili baada ya asubuhi ile. Lakini ndo hivyo, nililipa ili mtoto wa mwenzangu asimame zaidi, na nilimwona usoni. Wanunuzi wengi hawaoni, njia imepangwa wapite upesi.

Nikisafiri nao tena nitatafuta bustani ndogo isiyouza foleni, hata kama haina kasri, na kabla sijakata tiketi hilo ndo litakuwa swali langu la kwanza, nitaandika barua pepe niulize, na nawaomba wazazi wenzangu muulize pia, kwa sababu wanachosikia wao ni mauzo tu, na mimi siku ile mauzo yao nimeyaongeza.

Usiku tukiwa kwenye basi la kurudi hotelini mdogo kalala, nikadhani na kaka yake kalala. Taa za barabarani zinapita dirishani. Akaniuliza, "Yule wa kofia ya kijani, alipanda?"

Nikamwambia nadhani alipanda.

"Saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, mwanangu.