Mshonaji haruhusiwi kununua?

Hivi ni nani aliyepitisha sheria kwamba anayeshona mifarishi ya viraka asionekane sokoni Makoroboi, hapa Mwanza, akinunua duveti la dukani? Wageni wakifika kwangu Kirumba, hata chai hawajaionja, wameshapindua pindo kutafuta lebo ya kiwanda, kisha wanaguna: "Yaani dada, fundi mzima nawe unanunua?" Jamani, mfarishi mmoja una tabaka 3, yaani viraka juu, pamba katikati na bitana chini, na zote lazima zishonwe pamoja ili pamba isijikusanye pembeni, nikimaliza tu, mteja keshauchukua. Mbona muuza sangara akila maharage hamumwiti msaliti? Au mnataka nilale bila kujifunika mpaka nijishonee, huku mbu wa ziwani wakinishangilia?