Anayefundishwa bahari ni nani?

Warsha ya mazingira hapa Amu, mji wetu wa Lamu, ina alama zake. Bango limefungwa ukutani, fulana zinagawanywa mlangoni, na mbele ya kila aliyealikwa imewekwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ambayo magharibi itakuwa ikielea katika mkondo wa bahari. Niliwahi kuketi katika warsha moja kando ya nahodha mzee. Kijana mwenye projekta alikuwa akieleza kwamba samaki wamepungua. Mzee akaninong'oneza kuwa habari hiyo yeye ndiye angempa huyo kijana, tena angemtajia samaki waliopotea jina kwa jina, na mwamba waliopotelea. Ilipoadhiniwa adhuhuri akachukua fulana yake akaenda kuswali. Hakurudi.

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi barazani, na kila mara huwagawa wasikilizaji. Wapo wasemao nahodha alikosa adabu kwa elimu, na kwamba pwani yetu inaharibika kwa sababu watu wazima hawakusoma: wangesoma, wasingekata mikoko ovyo wala kutupa taka ufuoni. Wengine humuunga mkono mzee. Kwao, mtu hakati mkoko kwa kutojua, anaukata kwa kuwa karo ya mwanawe inadaiwa, na kumketisha darasani ni kumlaumu maskini kwa upole.

Nianze na hoja hii ya pili, kwa sababu ndiyo niliyoishikilia kwa miaka mingi.

Ina ushahidi wa kutosha. Kabla ya 2017 tulihubiriwa sana juu ya mifuko ya plastiki. Tulisafisha fuo, tukapigwa picha, na punda wetu wakaendelea kula mifuko jaani na kuvimba matumbo. Kisha ikafika tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya serikali ikaanza kutekelezwa, faini ikiwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo kinachoweza kufika miaka minne. Haukupita muda, vikapu vya ukili tulivyokuwa tumewaachia mabibi vikarudi sokoni. Hakuna aliyeitiwa warsha. Anayedai kwamba mwenendo wa watu hubadilika kwa kuelimishwa tu ana deni la kueleza siku ile.

Mikoko nayo inasema vivyo hivyo, kwa uchungu zaidi. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mji wetu umejengwa juu yake. Ingia nyumba yoyote ya mawe katika mji wa kale, huu uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake umepimwa kwa urefu wa boriti. Mkataji anautambua mkandaa na mchu, aina za mikoko, akiwa bado mashuani. Anajua ipi ni fito, ipi ni pau na ipi ni nguzo, na huhesabu kwa kori, miti ishirini ishirini. Mtu huyo alizuiwa kuuza boriti ng'ambo mwaka 1982, na Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma nchini kote, mikoko ikiwemo. Walioteseka kipindi kile walikuwa na ujuzi tele wa mikoko. Walichokosa ni kazi nyingine. Ukimwendea mtu kama huyo na somo la faida za mikoko bila kitu kingine mfukoni, atakukumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi.

Hata mvuvi wa nyavu za macho madogo ukimuuliza, atakwambia mwenyewe kuwa anawaua wana wa samaki. Anachotaka kujua ni nani atamnunulia wavu mwingine.

Basi kwa nini niliacha kuishikilia hoja hii? Kuna mahali inapokwama, na kwangu ilikwamia Kwasasi.

Mnajua habari ile. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga Kwasasi, upande wa bara, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Hapakuwa na mzee wa Amu, wa Pate wala wa Faza aliyewahi kuuona mtambo kama huo. Ujuzi wetu wa kurithi ni ujuzi wa macho na mikono: rangi ya maji, harufu ya upepo, mwezi na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Zebaki itokayo kwenye moshi wa makaa haina rangi ndani ya maji. Joto la maji ya kupoozea mitambo yakirudishwa baharini halimo katika hesabu ya kaskazi wala kusi. Jivu la makaa, na litakavyorundikwa kwa miaka kando ya bahari, halikuimbwa na babu yeyote. Hapo nahodha wangu, pamoja na miamba yake yote, alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kama mimi.

Na kuna jambo ambalo sisi tunaowatukuza wazee hatupendi kulisema. Ujuzi wa kurithi nao una makosa yake. Tumelelewa na msemo kwamba bahari haivundi. Labda ulikuwa kweli zama ambazo taka zetu zilikuwa vifuu, maganda ya ndizi na mifupa ya samaki. Leo msemo huo huo ndio unaomtuliza moyo anayerusha nepi na chupa kutoka gatini. Chupa haiozi, humeguka tu, vipande vikawa vidogo hadi samaki akadhani ni chakula. Ali Skanda na wenzake walipounda jahazi la Flipflopi hapa kwetu, lote kwa plastiki iliyookotwa, likatweka tanga kwenda Zanzibar mapema 2019, waliokuja kulitazama walikuwa watu wazima wengi kuliko watoto. Nadhani walikuja kwa sababu waliliona ni jahazi kabla ya kuliona ni somo.

Turudi Kwasasi, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wanaharakati wa Save Lamu na wenzao walizunguka vijijini miaka kadhaa wakieleza makaa ya mawe ni nini. Kesi ikafika mbele ya jopo la kusikiza mizozo ya mazingira, na Juni 2019 jopo likaifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Miongoni mwa sababu zake kuu: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utambulisho tu. Watu hawakuelezwa madhara yaliyokuja kuandikwa katika ripoti ya tathmini ya mazingira. Mwaka mmoja kabla yake, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake kuhusu ujenzi wa bandari ya Lamu, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, ikasema pia kwamba haki yao ya kupata habari ilikiukwa.

Zitazameni hukumu hizo mbili kwa jicho la mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Vizuri. Lakini ripoti yenyewe, mamia ya kurasa, huja kwa Kiingereza cha wahandisi. Yaani mtu huitwa kwa Kiswahili kwenye jambo ambalo limeandikwa asilisome. Akihudhuria na kunyamaza, kunyamaza kwake huandikwa kuwa ridhaa, na sahihi yake kwenye karatasi ya mahudhurio huambatanishwa mwishoni mwa ripoti. Nimeziona karatasi hizo. Mahali pa sahihi, baadhi wametia dole gumba.

Kwa hiyo napingana na kambi zote mbili, ingawa si kwa kiasi sawa. Wahamasishaji wa warsha wamekosea zaidi. Wao huchukulia kwamba anayeharibu mazingira ni asiyesoma, ilhali aliyechimba mlango wa bandari na aliyechora mtambo wa makaa wote wana shahada. Kambi ya nahodha imekosea pale inapodhani kwamba kwa kuwa mvuvi anaijua bahari, basi hana haja ya darasa. Anayo haja, ila somo lake si bahari. Ni ripoti, ramani, leseni, hesabu ya fidia, na Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inayoitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Hayo hayafundishwi na upepo.

Je, darasa la kufundishia hayo lipo? Kwenye karatasi, lipo tangu 1966, ilipoundwa bodi ya elimu ya watu wazima, na 1979 serikali ikaanzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa 2006 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya bado hawakuwa na kisomo cha kutosha. Na sisi tukalipa darasa hilo jina la ngumbaru, jina ambalo mwanamume mwenye ndevu zake haingii chini yake. Wanaohudhuria ni wanawake kwa wingi. Husoma herufi, husoma hesabu, na kitabu kikiisha hakuna kingine cha kusoma.

Majirani zetu wa Tanzania walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Mwaka 1973 walikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 katika vikundi, kila kikundi na redio yake, kitabu chake na kiongozi wake. Kipindi kikiisha, kikundi hujadiliana, kisha huchukua jembe kikachimbe choo au kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1980 ikafuata ya Misitu ni Mali, kwa mtindo huo huo. Sitaki kuipamba, mambo ya siasa ya zama zile yalisukuma watu kuhudhuria, na leo hakuna wa kusukumwa. Ila kile kiungo kati ya somo na jembe, sisi hatujawahi kuwa nacho.

Mtu ataniambia: Amu tuna darsa. Kweli. Kati ya magharibi na isha misikiti hujaa watu wazima wanaosoma bila kuona haya, na hadithi ya Mtume inayomwambia aliye na mche mkononi aupande hata kama Kiyama kimesimama inajulikana na kila mtoto wa chuo cha Kurani. Nakubali kwamba hapo ndipo penye heshima ya elimu katika mji huu. Tatizo ni nani atabaki nje. Mkulima wa Mpeketoni kule bara, ambaye kwa kawaida si Mwislamu, yuko nje. Waaweer wa msituni, waliokatazwa kuwinda tangu marufuku ya 1977 na tangu hapo hutazamwa kama majangili katika mwitu wanaoujua kuliko askari wanyamapori, wengi wao ni Waislamu lakini wako mbali. Na mama mvuvi wa pweza, saa ya darsa ndiyo saa yake ya kupika.

Huyo mama ndiye aliyenipa mfano ninaouamini. Kusini-magharibi ya Madagascar, mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa, pweza asiguswe. Pweza hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai, hufa. Ukimwacha miezi michache tu, unamkuta ameongezeka uzito maradufu na zaidi. Walipofungua waliona tofauti mizanini, na habari ikasambaa katika Bahari ya Hindi. Kisiwani Pate nako wamejaribu kufunga na kufungua, wanawake wakiwa mbele. Tazama kinachotakiwa: kukubaliana tarehe, kuweka mipaka, kuandika majina ya walinzi, kupima kilo, kulinganisha na zilizopita, kumtoza mvunja sharti. Ni kusoma, kuandika na hesabu, lakini hakuna aliyeita ngumbaru. Mwalimu ni mizani. Na mama akishaandika kilo za pweza mara tatu, safu za namba katika ripoti ya mtu mwingine hazimtishi tena.

Upande wa pili bado haujanyamaza. Kufunga mwamba kunamfaa mwenye chakula cha kungojea. Mjane anayeishi kwa pweza wa bamvua hili hawezi kungoja bamvua la sita. Mgeni kutoka kijiji cha pili huja usiku akavuna kisichokuwa chake. Na mwamba uliofungwa kwa uangalifu miezi yote hauna kinga dhidi ya tope la mashine za kuchimba mkondo. Kwa hili la mwisho mizani haitoshi, yatakiwa ile ripoti.

Bandari ya Lamu imepangiwa magati 32. La kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na hadi sasa yaliyojengwa ni matatu. Kila litakalofuata litakuja na tangazo lake redioni, mikutano yake, karatasi zake za mahudhurio, na kitabu kinene cha Kiingereza kitakachowekwa ofisini mtu akakisome. Nahodha wangu bado yuko hai, alhamdulillahi, na ile fulana huivaa akiziba nyufa za mashua yake kwa kalafati. Majuzi aliniuliza kama kitabu cha gati la nne kikija nitaweza kumsomea. Nilimjibu nitaweza. Akataka kujua kitakuwa na kurasa ngapi, akahesabu kwa vidole, akasema tutahitaji jioni nyingi, tena na watu wengine.